Saratani ya utumbo mpana, hatua ya kwanza: tuuze nyumba twende India?

Mtoto wa Wete:
Assalaam alaykum. Baba kakutwa na uvimbe kwenye utumbo mpana. Picha zinaonesha hatua ya kwanza. Daktari anasema upasuaji unatosha. Ndugu wanataka tuuze nyumba, tumpeleke India.

Bi Muuguzi:
Waalaykum salaam mwanangu. Msiuze! Hatua hiyo dawa yake ni kisu, hata India. Hatua yenyewe huthibitishwa maabara baada ya kukatwa, basi ng'ang'anieni ripoti: tezi za limfu (vijitezi vya kinga kando ya utumbo) zilizokaguliwa zisipungue 12. Zikiwa chache, saratani iliyokwishasambaa yaweza kupita bila kuonekana.

Mtoto wa Wete:
Na mionzi?

Bi Muuguzi:
Utumbo mpana, hapana. Ingekuwa puru, yaani mwisho wa utumbo karibu na njia ya haja kubwa, angepigwa picha ya MRI kwanza. Mionzi ikihitajika, hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar.

Jirani wa Chake:
Mwakani arudi kupimwa utumbo kwa kamera.