Wapinzani, tumpigie kura nani hasa? Wantam ("one term", muhula mmoja tu kwa rais) si jina la mtu

Wadau, leo nimewaka na sitaki kuambiwa nipoe.

Nianze kwa kukiri ili msije mkanichimbua baadaye: 2022 nilimpigia William Ruto kura ya urais wa Kenya. Niliamka saa kumi alfajiri, nikapanga laini kwenye shule ya msingi hapa Embakasi, Nairobi, nikapiga kura, nikarudi nyumbani naringa. Wilbaro, hasla, mama mboga, kaulimbiu zake zote nilizimeza bila maji. Anayetaka kunitukana anitukane mapema tumalizane, tuendelee.

Sasa. Jumapili iliyopita nilikuwa Pipeline, kwa mama mmoja anayeuza chapati na madondo (maharagwe), nangoja sahani yangu. Msafara wa mmoja wa hawa wanaotaka urais kwa tiketi ya upinzani (simtaji, leo sina nguvu ya kubishana na mashabiki wake) ukakata kona kutoka Outering ukaingia kwetu. Magari makubwa kama kumi na mawili, kwenye njia ambayo hata mkokoteni wa maji hupita kwa kuomba ruhusa. Spika, vumbi, vijana wananing'inia milangoni. Gari la tatu likagonga meza ya yule mama, sufuria ikapinduka, madondo yote yakaenda kwa mtaro. Hakuna aliyeshuka. Mheshimiwa akatokeza kichwa juu ya gari, akapiga kelele "Wantam!", vijana wakaitikia "Wantam!", zikarushwa kofia kadhaa, wakaenda zao. Dakika nne. Nilihesabu kwa sababu nilikuwa na njaa.

Kijana mmoja wa fulana za kampeni alibaki nyuma akiokota kofia zilizoanguka. Nikamuuliza, "Bro, mtu wenu akiingia, hii pesa ya nyumba tunayokatwa kwa mshahara anaitoa ama anaiacha?" Akanikazia macho kama ambaye nimemsemesha Kichina. "Boss, kwanza tumtoe huyu. Hayo mengine baadaye."

Baadaye! Yule mama ameinama anaokota chapati kwa tope, na mimi naambiwa baadaye.

Mimi ni karani wa ghala Industrial Area. Mshahara wangu ni 38,000 kabla ya makato. Karatasi ya mwezi uliopita iko hapa mbele yangu: NSSF (akiba ya uzeeni) 2,280, SHIF (bima ya afya) 1,045, ushuru wa nyumba 570, PAYE (kodi ya mapato) 2,614 na senti zake. Ninachobeba ni 31,490, na hapo landilodi, mkopo wa chama na karo ya mtoto bado hawajabisha hodi. Kusema ukweli, SHIF kwangu haikupanda sana, enzi za bima ya zamani, NHIF, nilikuwa nikikatwa 950. Kilichoniumiza ni NSSF kutoka 200 hadi elfu mbili na ushee, na hiyo 570 ya nyumba ambayo ufunguo wake sitarajii kuushika.

Lakini hapa ndipo upinzani wananikera kupita kiasi. Makato haya hayakuzaliwa Septemba 2022. Sheria ya NSSF ni ya 2013, ya serikali ya Uhuru Kenyatta, ikakwama kortini hadi 2023. Ushuru wa nyumba nao serikali hiyo hiyo iliuingiza kwenye Sheria ya Fedha ya 2018, korti ikauzuia. Fred Matiang'i alikuwa waziri humo ndani. Uliporudi 2023, Rigathi Gachagua alikuwa naibu wa rais, amekaa pale pale mezani. Leo wote wawili wanatulilia kwamba mwananchi anaumia. Sawa, mwananchi anaumia. Mtafanya nini? Mtaufuta? Mtaupunguza? Na mkiufuta, zile nyumba zilizojengwa nusu mtazifanyaje? Tupeni hata uongo wenye tarakimu basi.

Na kabla wale wa serikali hawajaanza kunipigia makofi, ngojeni. Huyo aliyeketi ikulu nilimwacha tarehe 25 Juni 2024, siku ya maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha. Shilingi ilitulia, nakubali, ilikuwa imefika 160 kwa dola ikarudi 129, na bosi wangu anayeagiza mali nje alifurahi mpaka akatununulia soda. Ila Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu waliokufa kwenye maandamano ya mwaka huo wakapita 60. Soda hainisahaulishi hilo. Mpwa wangu alikuwa mjini siku hiyo, na miaka yake 18. Alirudi usiku kwa miguu, macho yamevimba kwa gesi, kiatu kimoja hakipo. Mswada uliondolewa kesho yake. Wiki chache baadaye baraza la mawaziri likavunjwa, tukashangilia, halafu tukaona akina Mbadi, Joho, Wandayi na Oparanya wa ODM wanaapishwa kuingia. Machi 2025 ODM na UDA ya Ruto wakatia saini mkataba pale ukumbi wa KICC. Oktoba Raila Odinga, kiongozi wa ODM, akatutoka. Kwa hiyo chama kilichokuwa upinzani kiko serikalini, na aliyekuwa naibu wa rais, Gachagua, ndiye sasa mpinzani. Mtoto wa darasa la nne akiniuliza upinzani ni nani nchini Kenya, nitamwambia amalize uji.

Haya, tuwapime waliobaki.

Kalonzo Musyoka ni mtu mpole, mzoefu, hana makuu. Lakini 2007 alisimama peke yake, na moto wa vurugu za baada ya uchaguzi ulipokuwa bado unawaka akakubali kuwa makamu wa Kibaki. Mei 2022 alikasirika Martha Karua alipopewa umgombea mwenza wa Raila, akatangaza anakwenda kivyake, Juni akarudi kwenye muungano wao wa Azimio. Mzee, ukisema "safari hii siondoki debeni", nitakuamini vipi? Hilo si tusi, ni swali la mtu anayetaka kukupigia kura.

Matiang'i ni mchapakazi, mitihani aliinyoosha. Ila mimi nakumbuka Januari 2018 skrini ya Citizen, NTV na KTN ikiwa nyeusi, korti inasema washeni, na yeye akiwa waziri wa usalama. Vijana wanaomshangilia mtandaoni wakati huo walikuwa shule ya msingi, siwalaumu.

Gachagua ana watu, hilo halina ubishi. Lakini ni yeye aliyetuambia serikali ni kama kampuni yenye wanahisa, na mimi siku hiyo niligundua sina hisa. Akitaka kura yangu hapa Embakasi aje aombe msamaha wa hilo kwanza, kabla ya kutaja mlima, yaani watu wa kwao Mlima Kenya.

David Maraga, jaji mkuu wa zamani, namheshimu. Septemba 2017 kufuta uchaguzi wa rais si jambo la mzaha. Nenda sasa Mukuru uulize chama chake kinaitwaje. Karua ni chuma, Omtatah amepigana kortini peke yake miaka na miaka, mwanaharakati Boniface Mwangi ameshikwa mara ngapi sijui. Wote wazuri, na wote wanataka kiti kimoja.

Mlinzi wa ploti yetu ni mzee wa miaka sabini na kitu, redio yake haizimwi. Nilipomwonyesha picha ya vinara wa upinzani wameshikana mikono hotelini wakicheka, akacheka yeye pia, kicheko kikavu. "Kijana wangu, hii picha mimi nilishaiona." Desemba 1992 alimpigia Matiba. Jirani yake kitanda kwa kitanda, walikuwa wanalala chumba kimoja Kaloleni, akampigia Kibaki. Wa tatu akampigia Jaramogi. Asubuhi walinyimana chai. Moi, aliyekuwa rais, akapita na asilimia 36, na wale watatu ukijumlisha zao zinapita 60. "Tulikuwa watatu na jiko moja, na tukalala njaa," akaniambia. 1997 wakarudia mchezo ule ule, na majina yakaongezeka. Mpaka 2002 pale Uhuru Park, Raila aliposimama akasema Kibaki tosha, upinzani ukawa na jina moja.

Najua kuna mwanasheria wa mtandaoni anakunja mikono ya shati anijibu: "Katiba ya 2010 inataka 50 jumlisha moja na robo ya kura katika kaunti 24, wakiwa wengi ndiyo vizuri, wanamsukuma duru ya pili." Nimeisikia hiyo hesabu. Sasa nijibu hii: 2013 Uhuru alivuka hicho kizingiti kwa kura 8,000 na kidogo, nchi nzima. Kura 8,000 ni ploti za hapa Pipeline tu, hata hatujafika Tassia. Na hiyo duru ya pili hatujawahi kuiona hata mara moja. Mnaitegemea kama mvua ya mganga. Wale watakaokuwa wametukanana kwa miezi sita watarudiana ndani ya siku 30? Novemba 2025 upinzani waliupoteza uchaguzi mdogo wa Mbeere Kaskazini kwa kura zisizofika 500. Mia tano!

Na hesabu inayoninyima usingizi ni nyingine kabisa. 2022 tulioandikishwa tulikuwa milioni 22.1. Ruto alipata milioni 7.18. Waliobaki nyumbani walikuwa kama milioni 7.8. Yaani waliolala walimshinda mshindi. Hawa ndio wa kutafutwa, na hutawapata kwa kumgonga mama sufuria.

Mpwa wangu anaelekea kuwa mmoja wao. Tume ya uchaguzi, IEBC, walifungua tena kuandikisha wapiga kura mwishoni mwa Septemba 2025, nikamwambia kitambulisho unacho, twende wote, nauli juu yangu, na soda. Huyu ni mtoto aliyekula gesi kwa ajili ya nchi hii. Akaniangalia akasema, "Anko, nijiandikishe nimpigie nani?" Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Kwa hiyo enyi mnaojiita muungano: Agosti 10, 2027 si mbali. Msituambie mnaficha jina ili serikali isimwandame. Serikali inawajua nyote, wengine mmekunywa chai yake. Ficheni silaha, mgombea hafichwi. Na mkishamtaja, aje na karatasi moja tu inayosema ushuru wa nyumba vipi, NSSF vipi, na waliouawa 2024 kesi zao zitasukumwa na nani.

NYONGEZA, saa tatu usiku: Naona nimeitwa kibaraka wa serikali mara kumi na moja na kibaraka wa Gachagua mara nne, asanteni. Kuna mmoja ameniandikia faraghani kwamba yuko kwenye timu ya yule mheshimiwa wa Jumapili, na kwamba mambo ya sera "yanaandaliwa". Nikamuuliza, na sufuria ya madondo? Akaniomba namba ya yule mama. Nimeipeleka. Tiki mbili za buluu, na mpaka sasa kimya.