Tupeane uzoefu: Mwaka wa kwanza chuoni, nani alikusaidia kujua unachokitaka wewe?

Wakuu, habari za jioni. Vyuo vinakaribia kufunguliwa, na mdogo wangu wa mwisho anakuja Dar kusoma uhandisi. Nilimuuliza kwa nini aliomba kozi hiyo. Akanijibu, "Baba anaipenda." Wala hakuwa analalamika, ndilo jibu alilokuwa nalo. Limenikaa kooni mpaka leo.

Tunajua inavyokuwa. Ukifaulu vizuri kidato cha nne, unapelekwa sayansi. Ukisoma PCB (fizikia, kemia na biolojia) wewe ni daktari, PCM (fizikia, kemia na hesabu) wewe ni injinia, na ukoo mzima unakuita hivyo kabla hujapanda basi. Mtoto anafika Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwa hajawahi kuulizwa anataka nini.

Mimi nilisoma uhandisi pia. Sikupata chumba, kaka mmoja wa mwaka wa tatu akanibeba kwenye kitanda chake. Yeye ndiye aliyegundua kwamba jioni wenzangu wanajaa pale chumbani niwaelekeze hesabu, na mimi naacha hata kula. Usiku mmoja akaniambia, "Dogo, wewe ni mwalimu." Nilikasirika, maana nyumbani ualimu ulihesabika ni wa waliokosa pengine pa kwenda. Hakubishana nami, alinitafutia kituo cha tuisheni Manzese nikajaribu. Shahada nilimaliza, lakini leo nafundisha hesabu na sijutii. Nyie je?

Binti wa Tandika:
Mimi nilisoma HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza), na tangu utotoni naitwa wakili kwa sababu ya kuongea. Sheria nikapata, mjomba akafurahi kweli. Wiki za mwanzo nikawa naingia madarasa ya Kiswahili pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya chuo, nakaa nyuma na daftari langu, sijatumwa na mtu. Dada wa bwenini ndiye aliyenishtua kwamba muda wa kuhama kozi ni mfupi, unakuwa mwanzoni tu mwa mwaka, na lazima uwe na sifa za kozi unayokwenda. Mwenye mkopo aulizie mapema na Bodi ya Mikopo. Nikahama. Mama akasema, "Kiswahili si unakijua tangu tumboni?" Sikujibizana naye, nilimsomea kazi yangu ya tafsiri mpaka mwisho. Siku hizi mimi ni mkalimani. UNESCO ilipoitangaza Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka 2021, mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kunipigia simu.

Mama Wawili, Mbagala:
Wanangu, na sisi wazazi mtusikilize. Nilitaka mwanangu awe muuguzi kwa sababu nilimuuguza mama yangu wodini na sikuwa na mtu wa kunieleza chochote. Sikuwahi kumwambia hivyo, nilimwambia "soma uuguzi" basi. Alipofika chuo akawa mnyonge, hapokei simu. Shangazi yake ndiye aliyetukalisha pamoja, nikaeleza yote. Kijana akalia, akasema laiti angejua. Amebaki palepale, na sasa anaipenda kazi kwa sababu zake mwenyewe. Kwa hiyo msidhani kujitambua lazima kuishie kwenye kuhama kozi.

Kijana wa Kimara:
Shikamoo mama, umenigusa. Niongeze moja: matarajio hayatoki nyumbani tu. Mimi baba aliniacha nichague, walionipeleka puta ni wenzangu hosteli. Boom la kwanza, yaani pesa ya kujikimu ya mkopo, likaishia kwenye simu na viatu ili nifanane nao, na mijadala nikawa naitikia wanachosema wao. Kilichoniokoa ni kwaya ya kanisani, ambako hakuna aliyejua nasoma nini. Madogo wapate sehemu moja nje ya darasa na nje ya chumba, iwe timu, madrasa, hata kibanda cha fundi.

Mwanzisha mada:
Mama Wawili, shikamoo. Nimempigia baba sasa hivi, nikamuuliza kwa nini uhandisi. Kumbe aliwahi kuwa kibarua kwenye ujenzi wa daraja, na injinia mmoja pale alimheshimu sana. Miaka yote hii hatukujua. Nimemwomba amsimulie dogo mwenyewe kabla hajasafiri.

Dogo atashukia Stendi ya Magufuli Jumamosi, atafikia kwangu Sinza. Nataka wiki ya kwanza nimzungushe kwa watu wanaofanya kazi tofauti tofauti. Mwenye karakana, ofisi au shamba hapa mjini na yuko tayari kukaa naye saa moja, aniambie. Na wengine leteni visa vyenu, hasa mliobaki kwenye kozi mliyochaguliwa.