Bundi wa Athene au gari la Sirakusa: sarafu ipi ya fedha ina nakshi bora?

Mpenda Sarafu: Ndugu wanajukwaa, nina nafasi ya picha moja kubwa katika maonyesho ya darasa langu la historia. Nachagua kati ya tetradrakma (sarafu ya drakma nne) ya Athene ya karne ya 5 KK, yenye gramu 17 na kidogo, na dekadrakma (sarafu ya drakma kumi) ya Sirakusa, mji wa Wagiriki kisiwani Sisilia, yenye gramu 43 hivi. Naelemea Sirakusa.

Fundi Nakshi: Kwa ustadi wa mkono, Athene haifui dafu. Upande mmoja wa sarafu ya Sirakusa farasi wanne wanakokota gari kwa kasi, na Nike, mungu wa kike wa ushindi, anaruka juu yao akimletea mwendeshaji taji. Upande wa pili yupo Arethusa, binti wa chemchemi katika hadithi za Wagiriki, amezungukwa na pomboo wanne. Mchongaji Kimon alimfunga nywele kwa wavu, ilhali mwenzake Euainetos alimvika majani ya matete, na wote wawili walitia saini kazi zao, jambo ambalo wachonga mihuri ya sarafu hawakulizoea.

Mwana wa Bandari: Naomba kutofautiana nawe, kwa kuwa sarafu si pambo la ukutani. Fedha ya machimbo ya Laurion, karibu na Athene, ilisafiri mbali, na mfanyabiashara wa Misri asiyejua Kigiriki alipaswa kumtambua bundi yule, tawi lake la mzeituni na mwezi mwandamo mara tu anapoishika sarafu. Ndiyo maana jicho la Athena, mungu wa kike wa mji huo aliye upande wa pili wa sarafu, liliendelea kuchongwa zima, kama la mtu anayekutazama, ingawa uso wake umegeukia upande. Mtindo huo ulikuwa umepitwa na wakati, lakini mji ambao fedha yake inaaminika haukuwa na haraka ya kuubadilisha. Hata hivyo baadhi ya bundi hao wana mkato mrefu wa patasi, kwa sababu wapokeaji walitaka kuhakikisha kwamba ndani hamna shaba.

Fundi Nakshi: Na kishungi cha kofia ya Athena mara nyingi kimekatika, kwa kuwa kipande cha fedha kilikuwa kidogo kuliko muhuri. Huo nao ni uzembe, tusiuremberembe.

Bibi Kasa: Mbona kisiwa cha Aigina, jirani wa Athene, kimesahauliwa? Sarafu zake za mwanzo, za karne ya 6 KK, zina kasa wa baharini. Baadaye, katika karne ya 5, akawekwa kobe wa nchi kavu mwenye gamba la vigae. Lugha nyingine huwaita wote jina moja, lakini sisi wa pwani hatuwezi kuwachanganya.

Mpenda Sarafu: Mkato wa patasi umenigeuza, nitaweka bundi. Bibi, ukiwa na picha ya kasa ambaye mapezi yake yanaonekana wazi, tafadhali iweke hapa.