Naombeni ushauri: programu ya kuhariri picha isiyoumiza mfuko, kwa anayeanza

Mwanagenzi

Wakuu, habari za muda huu. Nimepata kamera ya Nikon iliyotumika pamoja na lenzi yake ya 18-55. Napiga zaidi sura za watu na shughuli za ndugu na marafiki. Bado silipwi, ila nia ninayo.

Nimezoea kuhariri kwa simu, kwa Snapseed, na sina ugomvi nayo. Kasheshe imeanza nilipoihamishia kamera kwenye RAW (faili ghafi la kamera), maana kila ninayemfuatilia anahimiza hivyo. Nikifungua picha kwenye laptopu inatokea nzuri kwa sekunde moja, halafu ghafla inapooza: rangi zinafifia, ngozi inakosa uhai. JPEG ya kamera ileile inapendeza bila hata kuguswa. Sijui tatizo ni mimi au ni programu.

Laptopu ni ya Windows, RAM GB 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Kulipia kila mwezi siwezi kuahidi, kuna mwezi nitakuwa nayo na kuna mwezi sina. Kulipa mara moja naweza kujikusanya. Kuna jamaa kanipa flashi yenye Photoshop "iliyofunguliwa", bado sijaichomeka. Nianzie wapi? Msinipige na maneno makubwa tafadhali.

KivuliChaJioni

Hiyo flashi mrudishie mwenyewe. Programu nyingi zilizochakachuliwa zinakutaka uzime kinga ya virusi kwanza ndipo uzisakinishe, na ukishazima hujui kingine kilichoingia nayo. Wewe unataka kushika picha za watu, tena za faragha wakati mwingine. La flashi limeisha.

Tuje kwenye kupooza. Huna kosa. Ndani ya karibu kila faili la RAW kuna JPEG ndogo ambayo kamera imeiweka kwa ajili ya kutazamia. Hiyo ndiyo unayoiona ile sekunde ya kwanza. Kisha programu inamaliza kusoma data yenyewe na kukuonyesha tafsiri yake, ambayo haina chumvi ya kamera. JPEG imeshapikwa: kamera imeongeza kontrasti, imekoleza rangi, imenoa kingo, imepunguza chengachenga (zile nukta za picha za gizani), na data ambayo haikuihitaji imeitupa.

Faida ya RAW utaiona siku picha ikiharibika. JPEG ina biti 8 kwa kila rangi, yaani ngazi 256. RAW za kamera nyingi zina biti 12 au 14, yaani ngazi 4,096 au 16,384. Uso uliozama kivulini unaweza kuuinua kwenye RAW na bado ngozi ikabaki ngozi. Ukiuinua hivyohivyo kwenye JPEG unapata mabaka.

Kwa hiyo kabla hujamsikiliza mtu yeyote humu, mimi nikiwemo, pakua NX Studio. Ni ya Nikon wenyewe, ni bure, ipo tangu 2021. Inaelewa Picture Control (mtindo wa rangi) uliyoichagua kwenye kamera, hivyo NEF zako, yaani RAW za Nikon, zitafunguka zikifanana na ulichokiona nyuma ya kamera. Mwenye Canon ana Digital Photo Professional, mwenye Sony ana Imaging Edge Desktop, nazo hazilipiwi. Watu wanazipita kwa sababu hakuna anayezipigia debe.

PikseliMoja

darktable. Bure kabisa, haina toleo la kulipia lililofichwa nyuma, inakwenda Windows, Mac na Linux. Faili lako halisi haliguswi, mabadiliko yote yanaandikwa kwenye kifaili cha XMP pembeni ya picha. Hutahitaji kitu kingine maishani.

DadaLenzi

@PikseliMoja mkuu, mtu kaomba asipigwe na maneno makubwa, wewe huyo unampeleka darktable? 😅 Naipenda na mimi, lakini mgeni akiifungua anakutana na ukuta wa moduli, nusu yake zinafanya kazi inayofanana kwa njia tofauti. Atarudi Snapseed jioni hiyohiyo.

PikseliMoja

Nani kamwambia aziguse zote? Kuna paneli ya njia ya mkato inayoonyesha vitelezi vichache tu. Aanze na exposure kuweka mwanga sawa, sigmoid kupata kontrasti, lens correction kunyoosha lenzi, denoise kama alipiga gizani, akate picha, amalize. Zingine atazikuta mbele ya safari.

Ila nikubali jambo moja: darktable inapenda kadi ya grafiki. Kwa laptopu hiyo itafunguka na itafanya kazi, lakini kwenye kupunguza chengachenga utasubiri kidogo kila unaposogeza kitelezi.

MzeeWaShughuli

Mimi ni mtu wa Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri RAW, na nailipia kila mwezi. Nikirudi na mamia ya picha za harusi, nahariri moja, nanakili mipangilio kwa zote zilizopigwa kwenye mwanga uleule, kisha narekebisha mojamoja. Inamtambua mtu na kumtenganisha na mandhari kwa kubonyeza tu. Muda ninaouokoa unalipa ile ada.

Pamoja na hayo, Mwanagenzi, wewe sikushauri. Lightroom ya kununua mara moja iliishia toleo la 6, mwaka 2015. Siku hizi unaikodi tu. Ukiacha kulipa, Lightroom Classic bado inafunguka na picha zako unaziona, unaweza hata kuzitoa, lakini chumba cha kuhariri kinafungwa. Kazi ya mteja ikija mwezi ambao huna hela, utafanyaje? Subiri kazi yenyewe ianze kuilipia programu. Na yeyote atakayekutajia bei ya programu, muulize kwanza inakuachia nini siku ukiacha kulipa.

Mwanagenzi

Asante Mzee wangu, hapo umenigusa penyewe. Sasa naona watu wanataja pia GIMP na Affinity. Hizo zinaingia wapi? Ni mbadala wa NX Studio au ni kitu kingine?

DadaLenzi

Ni kitu kingine, na hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. NX Studio, darktable, RawTherapee na Lightroom ni za kusafisha RAW: mwanga, rangi, chengachenga, kwa picha nyingi kwa mkupuo. GIMP, Affinity na Photoshop ni za kushughulika na picha moja kwa undani, kwa tabaka: kufuta mtu aliyepita nyuma, kuunganisha picha mbili, kuweka maandishi. Kwa sura na shughuli za watu, kazi yako kubwa iko kundi la kwanza.

GIMP ni bure na ni kongwe, ipo tangu miaka ya tisini. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025, na sasa ukiweka athari kwenye picha unaweza kurudi kuibadilisha baadaye, jambo tulilolililia sana. Lakini peke yake haifungui RAW, inategemea darktable au RawTherapee imfungulie.

Affinity ilikuwa ya kununua mara moja. Mwaka 2024 Canva waliinunua kampuni ya Serif iliyoitengeneza, na mwishoni mwa Oktoba 2025 wakaitoa bure. Unahitaji akaunti ya Canva, na zana za akili mnemba ni za kulipia, ila zana zake za kawaida za picha zinakutosha na kubaki. Mimi kati ya hizo mbili ningemwanzishia mtu Affinity, mpangilio wake hauchoshi. Usisakinishe zote mbili kwa pamoja, utaishia kucheza na programu badala ya kupiga picha.

Njiwa_wa_Studio

Mbona hamjaitendea haki RawTherapee? Ni bure, na kwa shida ya huyu bwana ina dawa kabisa: ina mkunjo wa kontrasti wa kujipanga wenyewe, unaoangalia ile JPEG iliyofichwa ndani ya RAW na kuifuata. Haina katalogi (orodha ya ndani ya kuingizia picha kwanza), unafungua folda zako zilivyo. Nimesema tu.

Na Mwanagenzi, weka kamera kwenye RAW pamoja na JPEG. Picha ya kumtumia mtu haraka unayo, na ya kuhariri unayo. Kadi itajaa mapema, basi.

Mwanagenzi

Mrejesho wakuu. Nimeweka NX Studio na kweli, picha imefunguka ileile niliyoiona kwenye kamera. Nzito kidogo ila inakwenda. Nimekwama kwenye moja: dada yangu amekaa kando ya dirisha, upande mmoja wa uso unawaka, mwingine ni giza. Nikiongeza mwanga, dirisha lote linakuwa jeupe pee.

KivuliChaJioni

Usiongeze mwanga wa picha nzima. Fanya hivi:

Kwanza shusha sehemu zenye mwanga mkali mpaka uone mistari ya fremu ya dirisha imerudi. Isiporudi, ilishaungua wakati wa kupiga na hakuna programu ya kuirudisha. Kisha inua vivuli kidogo, pale tu jicho la upande wa giza linapoanza kuonekana vizuri. Usiende mbali zaidi, chengachenga zimejificha humohumo.

Halafu tafuta Color Control Point. Bonyeza kwenye shavu la upande wa giza, rekebisha ukubwa wa duara lifunike uso na lisivuke sana kwenda kwenye nywele, ongeza mwangaza taratibu. Inagusa zaidi rangi zinazofanana na pale ulipobonyeza, kwa hiyo ukuta wa nyuma utatulia. Wewe wa Snapseed hutapata shida, maana ile zana ya kuchagua sehemu unayoijua kwenye simu ni ndugu wa hii. Zote zinatokana na wazo la Nik Software, walioitengeneza Snapseed kabla Google haijawanunua mwaka 2012.

Acha upande mmoja ubaki na kivuli. Uso wa dirishani ukisawazishwa pande zote unakuwa picha ya kitambulisho.

Mwanagenzi

Imekubali! Fremu imerudi na jicho linaonekana. Maswali ya mwisho: nikihamia darktable baadaye, haya niliyofanya yatakuja nayo? Na kuna folda imejitokeza yenyewe kwenye picha zangu, inaitwa NKSC_PARAM. Naweza kuifuta?

KivuliChaJioni

Usiifute! Humo ndimo NX Studio inapotunza marekebisho yako. Ukiifuta, RAW zinabaki salama ila kazi yako yote inapotea. Ukihamishia picha kwenye diski ya nje, ihamishe pamoja nazo.

Kuhama nayo, hapana. Kila programu ina lugha yake, darktable haitasoma ya Nikon na Lightroom haitasoma ya darktable. Picha unazojivunia zitoe kabisa: TIFF ya biti 16 (faili kubwa linalotunza data zaidi ya JPEG) kama unadhani utazigusa tena, JPEG kama zimekwisha.

MzeeWaShughuli

Naongezea. JPEG za kutuma kwa watu zitoe kwa sRGB, mpangilio wa rangi ambao simu na tovuti zinauelewa. Ukitoa kwa Adobe RGB, mpangilio mwingine wenye rangi pana zaidi, kwenye baadhi ya simu na tovuti zitaonekana zimepooza tena, na utarudi humu kuuliza tatizo ni wewe au ni programu.

Mwanagenzi

😂 Nimekusoma Mzee. Flashi nimesharudisha.