Maandishi meupe yanapotea juu ya matanga: niyawekeje kwenye picha kwa GIMP?

Ngalawa (muulizaji)
Habari za wakati huu, wanajukwaa. Natengeneza bango la mashindano ya ngalawa yatakayofanyika kijijini kwetu, kaskazini mwa Tanga, kwa kutumia programu ya GIMP. Nusu ya chini ya picha ni bahari ya buluu iliyokoza, na nusu ya juu ni matanga meupe yaliyotuna kwa upepo. Nikiandika kwa rangi nyeupe, maneno yanasomeka vizuri baharini lakini yanatoweka yakifika kwenye tanga. Nikiandika kwa nyeusi, hali inakuwa kinyume. Isitoshe, kamati haijathibitisha tarehe, kwa hiyo ningependa niweze kuibadilisha baadaye bila kuanza upya. Naomba mwongozo.

Mchapaji
Kuhusu tarehe usiwe na hofu. GIMP huweka kila andiko katika tabaka lake, juu ya picha, na tabaka hilo huendelea kuharirika mradi kazi yako umeihifadhi kwa Ctrl+S katika faili la XCF, yaani aina ya faili ya GIMP yenyewe inayotunza matabaka. JPEG na PNG hutolewa kwa amri ya "Export As", na humo matabaka yote huwa yamekwisha kuunganishwa, kwa hiyo zichukulie kuwa nakala za kusambaza tu. Tarehe ikisogezwa, fungua XCF, bonyeza herufi T, bofya juu ya tarehe, uandike nyingine.

Kuhusu kusomeka, yazungushie maneno ukingo. Bofya kulia tabaka la maandishi, chagua "Alpha to Selection", kisha katika menyu ya "Select" chagua "Grow" na uandike pikseli tatu au nne, au zaidi iwapo herufi ni kubwa. Unda tabaka jipya tupu chini ya lile la maandishi, ulijaze buluu iliyokoza. Herufi nyeupe zitaonekana popote utakapoziweka.

Bi. Rangi
Njia ya Mchapaji ni sahihi, ila haimfai sana ndugu yetu huyu, kwa sababu ukingo huo ni rangi iliyomwagwa katika tabaka jingine na hautafuata maandishi tarehe itakapobadilika. Itabidi uchorwe upya kila mara. Kwa tarehe, mimi ningetumia ukanda: tabaka jipya chini ya maandishi, mstatili mmoja uliojazwa rangi, kisha ukolezi wa tabaka ushushwe hadi kama asilimia 60 ili picha iendelee kuonekana kwa nyuma. Rangi yenyewe ichote kutoka sehemu ya bahari yenye giza zaidi kwa kifaa kinachofunguka kwa herufi O, ili ukanda usionekane kama kiraka. Ukiwa na GIMP 3.0, iliyotoka mwaka 2025, unaweza pia kutumia kichujio cha kivuli, kwani katika toleo hilo hubaki kikiharirika na hufuata maneno yanapobadilishwa.

Lakini kabla ya hayo yote, kwa nini uandike juu ya matanga? Hayo ndiyo uzuri wa picha yako. Jina la mashindano lishushe baharini, ambako weupe wa herufi hauhitaji msaada wowote.

Ngalawa
Nawashukuru nyote. Nimeshusha jina baharini na tarehe nimeiwekea ukanda, na sasa kila kitu kinasomeka. Swali la mwisho: bango litachapishwa kwa ukubwa wa A3 na pia kutumwa WhatsApp. Nitoe faili la aina gani?

Mchapaji
Toa PNG, kwa kuwa JPEG iliyobanwa sana huacha madoa kando ya herufi. Kwa A3 yenye nukta 300 kwa inchi unahitaji pikseli 3508 kwa 4961. Linganisha na picha yako kabla ya kumpelekea mchapishaji. WhatsApp nayo hubana picha, hivyo litume bango kama hati, si kama picha.