Maji ya mto ni maangavu ila samaki ni wachache. Tupime nini?

Mwanamto:
Wakuu, naomba ushauri. Kikundi chetu kinatathmini kipande cha mto, kama bado ni makazi mazuri ya samaki. Maji yanaangaza, pH (kipimo cha uchachu wa maji) 7.2, na oksijeni saa sita mchana ilikuwa miligramu 8 kwa lita. Lakini tukivuta wavu tunaambulia visamaki vichache, tena vya aina moja. Tuangalie nini kingine?

Kokoto:
Mkuu, usiridhike na kipimo cha mchana. Jua likiwaka, mwani na mimea ya majini hutoa oksijeni, usiku huitumia. Pima kabla hakujapambazuka, ndipo hushuka zaidi. Ikiwa chini ya 5, samaki wengi huanza kutaabika. Ikifika 2 wengi hufa au hukimbia. Rudieni pia kiangazi, maji yakipungua.

Mama Kijito:
Mwanangu, ingia majini. Tafuta mahali mkondo unapopita kwa kasi juu ya mawe, ung'oe jiwe. Likitoka kwa kubanduka, nusu yake imezama kwenye tope, ujue nafasi za chini zimeziba. Samaki wanaotaga kwenye changarawe wanahitaji maji yapenye katikati yake. Tope likijaa, mayai yanakosa hewa.

Kisha ligeuze. Ukiona vidudu bapa vyenye mikia mitatu, au vijibuu vilivyojijengea vifuko vya mchanga, hiyo ni dalili njema sana. Ukikuta minyoo na vijibuu vyekundu tu, mto umeugua muda mrefu, hata kama leo maji yanang'aa. Vijibuu hivyo huvumilia pasipo na hewa. Mimi naliamini jiwe kuliko kipimo cha siku moja.

Mwanamto:
Asante sana, mama. Mawe yamezama kweli. Na ng'ambo ya pili wamelima hadi ukingoni, hakuna mti hata mmoja.

Kokoto:
Basi tope linatoka huko, na joto pia: bila kivuli maji hupata moto, na maji ya moto hubeba oksijeni kidogo. Linganisheni na kipande cha juu ambacho kingo zake hazijaguswa, kwa vipimo vilevile na saa ileile. Hesabuni vidimbwi vyenye kina, ndimo samaki wakubwa hujificha. Magogo yaliyoanguka majini msiyatoe. Halafu shukeni chini mkaangalie kama kuna banio (kizuizi cha maji) au kalvati (bomba la maji chini ya barabara) inayowazuia samaki kupanda.

Mwanamto:
Kalvati ipo, na maji yanadondoka kutoka mdomoni mwake. Tutaanzia hapo.