"Close" na "shut" kwa Kiaisilandi: wapi "loka" inatosha, wapi haitoshi?

mfasiri_kaskazini

Habari za humu, wakuu. Nina faili la tafsiri la programu ya kusimamia jumba la makumbusho huko Aisilandi: vitufe, jumbe za onyo, pamoja na matangazo ya kuchapishwa na kubandikwa mlangoni. Chanzo ni Kiingereza. Kinachonikwamisha ni "close", "closed", "shut" na "shut down". Kamusi inanipa "loka" karibu kila mahali, ila nikisoma maandishi ya Waaisilandi wenyewe nakutana na "lokað", "lokuð", "lokaður", "lokast", "lokið", "slitið" na mengine yasiyofanana na "loka" hata kidogo.

Tungo zenyewe ni kama hizi:

Close
Close %s
10 tabs closed
Shut down the computer
The museum is closed on Sundays
We close at 6 pm
The doors close automatically
The exhibition closes on Friday

Je, kuna kanuni ya kuchagua, au ni kukariri moja moja? Na "close" na "shut" nizitofautishe?

---

sarufi_na_mashina

Ndugu, "close" na "shut" usizitofautishe. Kiaisilandi hakigawanyi hapo. Kinagawanya kwa kuangalia kitu kinachofungwa, kisha kwa kuangalia kama unataja tendo au hali.

Kabla ya yote, shika hili: "loka" hutaka nomino inayofuata iwe katika þágufall, yaani datifu, mojawapo ya maumbo ambayo nomino huyachukua kulingana na kazi yake katika sentensi (kila umbo kama hilo huitwa uhusika). Dirisha ni "gluggi", lakini kulifunga ni "loka glugganum". Kitabu ni "bók", kukifunga ni "loka bókinni". Mlango ni "dyr" (nomino ya wingi tu, jinsia ya kike), kuufunga ni "loka dyrunum". Kinyume chake, "opna", hutaka þolfall, yaani akuzatifu, uhusika wa kawaida wa kitu kinachotendewa: "opna gluggann", "opna bókina", "opna dyrnar". Hapa ndipo wageni wengi huteleza. Wanadhani kufungua na kufunga ni jozi na lazima zitende sawa, kwa hiyo wananakili nomino kutoka tungo la "Open" na kuibandika kwenye "Close". Matokeo ni "loka gluggann", kosa ambalo msomaji wa kule hulinasa papo hapo.

Vitufe huandikwa kwa kitenzi kisichonyambuliwa kwa nafsi: "Loka", "Opna", "Vista". "Lokaðu" ni amri kwa mtu mmoja. Inafaa kwenye maelekezo ("Lokaðu glugganum áður en þú ferð", funga dirisha kabla hujaondoka), haifai kwenye kitufe.

Sasa "Close %s", ambalo ndilo baya kuliko yote kwenye orodha yako. Mahali pa %s programu itachomeka neno katika umbo la kamusi, lakini sentensi inadai datifu. Kwa "skrá" (faili) utaponea, kwa kuwa datifu yake ni "skrá" vilevile. Kwa "skjal" (hati) inatakiwa "Loka skjali", na kwa "flipi" (kichupo) "Loka flipa". Mashine itatoa "Loka skjal" na "Loka flipi", na zote mbili ni makosa.

Tiba bora ni kumwomba mtengenezaji avunje tungo hilo, kila nomino iwe na tungo lake kamili. Akikataa, na kama kinachochomekwa ni jina la faili, weka nomino ya jumla katika datifu na jina lifuate ndani ya alama za kunukuu: Loka skránni „%s“. Hapo "skránni" imebeba uhusika wote, na jina linakaa bila kuguswa. Alama za kunukuu za Kiaisilandi hufunguka chini na kufungwa juu, kama nilivyoandika hapo. Nukta pacha, "Loka: %s", ni ya dharura tu.

"10 tabs closed" ni "10 flipum lokað". Katika kauli ya kutendwa datifu haiondoki. Nomino inabaki "flipum", na kitenzi kinaganda katika umbo la umoja wa jinsia isiyo ya kiume wala ya kike, hata vichupo vikiwa mia. Angalia pia kanuni ya idadi kwenye faili lako: Kiaisilandi huhesabu kama umoja kila namba inayoishia na 1, isipokuwa zinazoishia na 11. Kwa hiyo 1, 21, 31 na 101 huchukua "flipa", lakini 11 na 111 huchukua "flipum". Tungo lililojengwa kwa dhana kwamba "umoja ni 1 pekee" litakosea kwenye 21.

Sisi tukisema "barabara imefungwa" tunaweza kumaanisha kwamba kuna aliyeifunga, au kwamba hivi sasa haipitiki. Kiaisilandi kinakulazimisha uchague. Tendo: "Veginum var lokað", nomino katika datifu. Hali: "Vegurinn er lokaður", nomino katika nominatifu (umbo la kamusi, la kiima) na kivumishi kinafuata jinsia yake. Ukichanganya nusu ya hii na nusu ya ile, kama "Veginum er lokaður", sentensi inavunjika.

Milango inayojifunga: "Dyrnar lokast sjálfkrafa." Kiambishi -st kinaondoa mtendaji, na nomino inarudi kwenye nominatifu. Kina undugu na kauli yetu ya kutendeka: "Glugginn lokast ekki" ni "dirisha halifungiki".

---

bango_la_mlangoni

Naongezea upande wa matangazo.

Neno pekee mlangoni ni "Lokað", na mwenzake ni "Opið". Likisimama peke yake hubaki hivyo, kwa sababu halirejelei nomino yoyote. Likiwa ndani ya sentensi lazima lipatane: "Safnið er lokað" (makumbusho), "Búðin er lokuð" (duka), "Bankinn er lokaður" (benki), "Dyrnar eru lokaðar" (mlango). Kwa hiyo kama programu ina sehemu ya hali inayosema "Closed" tu, uliza inasimama kando ya nomino gani. Likitumika kwa vitu vya jinsia mbalimbali, "Lokað" ndilo lenye usalama.

Sentensi yako ni "Safnið er lokað á sunnudögum", na kwa bango "Lokað á sunnudögum" inatosha. Ukitaja sababu, "vegna" hufuatwa na eignarfall, yaani umbo la umilikaji: "Lokað vegna veðurs" (hali ya hewa), "Lokað vegna viðgerða" (matengenezo). Hilo la hali ya hewa liweke tayari kwenye violezo vyako. Kule litahitajika.

"We close at 6 pm" ni "Við lokum klukkan 18". Saa huandikwa kwa mfumo wa saa 24. Usiandike "Búðin lokar kl. 18" kwenye maandishi rasmi. Watu husema hivyo kila siku, lakini wahariri wengi hushikilia kwamba duka halijifungi na hupendelea "Búðinni er lokað kl. 18". Njia safi zaidi ni kugeuza wazo: "Opið til kl. 18", au "Opið kl. 10–18". Kichwa cha saa za huduma pia kina ubishi wake. "Opnunartími" limeenea sana, ila wahariri haohao hulikosoa kwa hoja kwamba linataja wakati wa kufungua tu. "Afgreiðslutími" halitapingwa na yeyote.

Kama kuna ukurasa wa namna ya kufika: kwa barabara, usilazimishe "lokað" kila mahali. Mamlaka ya barabara, Vegagerðin, hutofautisha barabara iliyofungwa, "lokað", na isiyopitika kwa theluji au matope, "ófært". Hiyo ya pili haimaanishi kwamba kuna aliyeifunga.

Na "lokað" si "læst". Kufunga kwa ufunguo ni "læsa", nayo hutaka datifu: "læsa dyrunum". "Dyrnar eru lokaðar" bado unaweza kusukuma ukaingia, "Dyrnar eru læstar" huwezi. Kwenye maelekezo ya njia za dharura tofauti hiyo si ya kupuuza.

---

kamusi_mkononi

Wenzangu wamemaliza "loka". Mimi naomba tuiweke Kiingereza kando kidogo, kwa sababu Kiswahili kinakusaidia zaidi. Sisi hatufungi macho, tunafumba. Taa hatuifungi, tunaizima. Tundu tunaliziba, chungu tunakifunika, mlango tunaweza kuushindika bila kuukomea. Mwaisilandi naye amezoea kugawanya namna hiyo, ingawa mipaka yake haiangukii palepale pa kwetu.

Kuzima kompyuta ni "slökkva á tölvunni". Kihusishi "á" hapa hufuatwa na datifu. Kosa la kawaida ni kuunganisha "loka" na "niður" ili kupata "shut down". Tafsiri hiyo ya neno kwa neno ni ya kutupa. Kufunga programu tu, kompyuta ikiendelea kuwaka, ni "loka forritinu". Injini ya gari huzimwa kwa "drepa á", kwa maana ya asili "kuua", na ni usemi wa kawaida usio na ukali wowote: "drepa á bílnum".

Bomba hufungwa kwa "skrúfa fyrir": "skrúfa fyrir vatnið". Kinyume chake ni "skrúfa frá". Pazia vilevile: "draga fyrir" kufunga, "draga frá" kufungua. Huduma inapokatwa kwa muda, tangazo husema "Lokað verður fyrir heita vatnið", maji ya moto yatafungwa. Umeona "fyrir" imeingia kati? Ikishaingia, yenyewe ndiyo inayotawala nomino, na hutaka akuzatifu. Datifu ya "loka" haina kazi tena hapo.

Macho: "loka augunum" ni sahihi, na "láta aftur augun" pia. Hiyo ya pili huchukua akuzatifu, na hutumika kwa mlango vilevile: "láta aftur dyrnar". Kuwa mwangalifu, "aftur" pia ni "tena". Mlango ulioachwa wazi nusu uko "í hálfa gátt". Kuubamiza ni "skella hurðinni", datifu. Neno "hurð" ni ubao wenyewe wa mlango, "dyr" ni uwazi wa kupitia. Kwa kubamiza tumia "hurð", maana uwazi haubamizwi. Kwa kufunga tu, waandishi makini hutumia "dyr", ingawa "loka hurðinni" utaisikia kila siku.

Mtu au mnyama akifungiwa ndani, "loka" hubadilika na kutaka akuzatifu: "loka hundinn inni", kumfungia mbwa ndani. Na kauli ya kutendwa inafuata: "Hundurinn var lokaður inni", nominatifu. Kitenzi kilekile, sarufi nyingine.

Kisima au shimo hufunikwa kwa "byrgja", akuzatifu. Ndimo ulimo msemo wa kuchelewa kuchukua tahadhari: "Seint er að byrgja brunninn þegar barnið er dottið ofan í", kuchelewa kufunika kisima mtoto akiwa ameshatumbukia. Ni mzuri sana pale Kiingereza kinapotaja mlango wa zizi na farasi aliyekwisha kukimbia. Andika kwa y. "Birgja" kwa i ni kujaza akiba, na matamshi hayatofautiani, kwa hiyo sikio halitakuokoa.

---

mfasiri_kaskazini

Ahsanteni sana, hili la datifu kubaki kwenye kauli ya kutendwa limenifungua macho. Limebaki la maonyesho ya Ijumaa, na nimekuta mengine kwenye faili la kumbukumbu za vikao: "The meeting was closed at 17:00", "closing remarks", "closing date for applications", "case closed". Haya nayo ni "loka"?

---

sarufi_na_mashina

Hayo yote ni kumalizika, na hakuna hata moja linalokwenda kwa kitenzi "loka".

Kwa tukio linalofikia mwisho tumia "ljúka" (lýk, lauk, lokið). Maonyesho yako: "Sýningunni lýkur á föstudag." Tazama mwanzo wa sentensi: "sýningunni" ni datifu ingawa limekaa mahali pa kiima. "Ljúka" ikitumika hivyo ndivyo inavyodai. "Fundinum lauk klukkan 17", kikao kilimalizika. Ukiandika "Sýningin er lokuð á föstudag" umewaambia watu wasije siku hiyo, kumbe ndiyo siku yao ya mwisho ya kuyaona.

Mwenyekiti anapofunga kikao rasmi, neno ni "slíta", pamoja na datifu. Kumbukumbu huishia na "Fundi slitið kl. 17", na hata kumbukumbu za bunge, Alþingi, hutumia maneno hayo. Angalia uhusika tena: "slíta" ikifuatwa na akuzatifu ni kuchana au kuchakaza, ikifuatwa na datifu ni kukatisha kikao, uhusiano au kampuni.

"Case closed" ni "Málinu er lokið". Hapa ndipo pa kutumbua macho: "lokið" ya "ljúka" na "lokað" ya "loka" zinatofautiana kwa herufi moja. "Lokið" pia ni amri ya "loka" kwa watu wengi, "fungeni". Vivyo hivyo "lokum": "við lokum" ni "tunafunga", "að lokum" ni "hatimaye".

"Closing remarks" ni "lokaorð". Kiambishi "loka-" mbele ya nomino hutoka kwenye "lok", mwisho, na maana yake ni "a mwisho": "lokapróf" ni mtihani wa mwisho, wala si mtihani wa siri. "Closing date" ni "umsóknarfrestur": "Umsóknarfrestur er til og með 15. maí". Maneno "til og með" yanaijumlisha siku yenyewe. Yakikosekana, waombaji wa tarehe 15 watabishana nawe.

Taasisi inayofutwa moja kwa moja: "leggja niður", akuzatifu. "Skólinn var lagður niður" ni kwamba shule haipo tena. "Skólanum var lokað" inaweza kuwa kwa dhoruba ya siku moja.

---

kamusi_mkononi

Kabla hujakabidhi kazi, pitia "close" ambazo si za kufunga. Faili lisilo na muktadha huchanganya "close" ya karibu na ya kufunga: "náinn vinur" ni rafiki wa karibu, "nálægt" ni jirani na mahali, nalo hutaka datifu. Na kwa "Exit" au "Quit" kitufe ni "Hætta", kwa "Cancel" ni "Hætta við". "Hætta" kama nomino ni "hatari", kwa hiyo usiliweke peke yake kwenye kisanduku chekundu chenye alama ya mshangao.

Maumbo yote yahakiki kwenye BÍN, hazina ya minyambuliko ya taasisi ya masomo ya Kiaisilandi ya Árni Magnússon: bin.arnastofnun.is. Inakupa kila umbo la "dyr", "flipi" au "lokaður". Haikuambii kitenzi kinataka uhusika gani. Hilo utalipata kwenye kamusi ya kisasa ya taasisi hiyohiyo, islenskordabok.arnastofnun.is, mahali palipoandikwa "fallstjórn". Ukiona "fallstjórn: þágufall", ni datifu. Fanya hivyo kwa kila kitenzi kabla ya kuandika nomino yake.